Meza ya kazi inayoyumba: dawa si kuongeza unene wa mbao

*"Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Mimi ni fundi wa pikipiki, na nimenunua mashine kuukuu ya mkono ya kukandamizia beringi na bushi, ile yenye mpini mrefu. Sikuwa na meza ya kuifungia, nikaiga meza niliyoiona katika video za Wamarekani wanaojaza upya maganda ya risasi za bunduki nyumbani, kwa sababu nao hufunga mashine ya mpini kwenye ukingo wa meza. Nilitumia mbao za saipresi za inchi 3 kwa 2, juu nikaweka plaiwudi ya milimita 18, nikapigilia misumari ya inchi 4, na nyuma nikaweka mbao mbili za mshazari kama wao. Sasa kila nikivuta mpini, meza inainuka nyuma na kucheza mbele na nyuma, na skrubu zilizoshika mashine zimeng'oka mara mbili. Jirani yangu seremala anasema nibomoe nijenge upya kwa mvule wa 4 kwa 4. Fedha hiyo sina. Je, anasema kweli? Na meza ya risasi ina siri gani ambayo sikuiona?"*

Ndugu fundi, jirani yako hakukosea kuusifu mvule, kwa maana ni mti mgumu, hauliwi upesi na mchwa wala hauchezi sana ukishakauka. Hata hivyo, ukijenga meza ile ile kwa mvule, ukaacha miguu pale ilipo na mishazari pale ilipo, utapata meza ya gharama kubwa inayoyumba. Umenieleza mambo matatu: meza inainuka nyuma, inacheza mbele na nyuma, na skrubu zinang'oka. Hayo ni maradhi matatu tofauti, kila moja lina chanzo chake, na hakuna hata moja lililoletwa na wembamba wa miguu yako. Saipresi ya 3 kwa 2 iliyosimama wima hubeba uzito mkubwa kuliko wowote utakaoweka juu ya meza hiyo.

Tuanze na dhana iliyowapotosha mafundi wengi, nami nikiwamo nilipokuwa kijana. Mtu huitazama mashine inayoweza kusukuma beringi kwa nguvu ya mamia ya kilo, akasema moyoni kwamba meza iliyo chini yake nayo lazima ibebe mamia hayo ya kilo. Sivyo. Ichukue jiliwa: ukikibana kipande cha chuma mpaka mkono wako ushindwe kukaza zaidi, meno ya jiliwa yanakisukuma kile chuma kwa nguvu kubwa mno, lakini meza haihisi chochote, na ungeweza kufanya kazi hiyo hiyo ukiwa umeipakata jiliwa mapajani. Sababu ni kwamba jino moja linasukuma huku na lingine linasukuma kule, na mwili wa jiliwa ndio unaobeba ugomvi wao. Mashine yako ni hivyo hivyo. Nguzo inayoshuka inaisukuma beringi chini, kitako kinaisukuma juu, na shingo ya chuma inayoviunganisha ndiyo inayokazika. Nguvu yote hiyo inaishia ndani ya chuma na wala haifiki kwenye mbao.

Kinachofika kwenye mbao ni mkono wako. Mkono unavuta kwa kilo 20 hivi ukiwa katika kazi ya kawaida, na kilo 20 si kitu kwa meza, ila tu mkono huo hauko juu ya meza. Uko mbali nje, kwenye ncha ya mpini, na umbali ndio unaoigeuza nguvu ndogo kuwa kubwa, kama mzee mmoja anavyong'oa jiwe shambani kwa mtaimbo ambao vijana wawili wasingeliinua kwa mikono mitupu.

Naomba univumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu hii utaendelea kununua mbao. Tuseme meza yako ina kilo 40 na kina cha sentimita 60 kutoka miguu ya mbele hadi ya nyuma. Uzito wake unakaa katikati, yaani sentimita 30 nyuma ya miguu ya mbele, kwa hiyo uwezo wake wa kukataa kupinduka ni 40 mara 30, ambayo ni 1,200. Sasa mpini umelala sawa na sakafu, ncha yake imetokeza sentimita 50 mbele ya miguu, nawe unaukandamiza chini kwa kilo 20: hiyo ni 1,000. Meza inabaki chini, lakini kwa taabu. Kama uliuacha uso wa meza utokeze sentimita 10 mbele ya miguu, kama wanavyofanya wengi ili magoti yapate nafasi, umbali unakuwa sentimita 60, hesabu inafika 1,200, na miguu ya nyuma inaanza kuelea.

Jambo ambalo nadhani hukuliona ni kwamba hapo mpini ukiwa umelala bado si pabaya kabisa. Pabaya zaidi ni mwanzo, mpini ukiwa bado umesimama. Wakati huo hukandamizi chini, unavuta kuelekea kifuani mwako, na unavuta kutoka juu, pengine mita moja na nusu kutoka sakafuni. Kilo 20 mara sentimita 150 ni 3,000, na meza yako ina 1,200 tu ya kujitetea. Ndiyo sababu inainuka. Dawa ya kwanza, basi, haigharimu hata shilingi moja: weka kipande cha chuma bapa chini ya kazi yako ili nguzo iguse beringi pale mpini unapokuwa umeshashuka na kukaribia kulala, nguvu zako zote uziweke kwenye nusu ya chini ya safari ya mpini. Fanya hivyo kesho asubuhi kabla hujagusa msumeno, utaona tofauti.

Dawa ya pili ni uzito, na uzito uwekwe mahali pake. Jenga rafu ya chini, karibu na miguu ya nyuma, uweke magunia mawili ya mchanga yenye kilo 30 kila moja. Yakikaa sentimita 45 nyuma ya miguu ya mbele yanakupa 2,700, ukijumlisha na 1,200 ya meza yenyewe unapata 3,900, nayo inazidi ile 3,000 iliyokuwa ikikushinda. Mchanga uleule ukiuweka kwenye rafu ya mbele, sentimita 10 tu kutoka miguu ya mbele, utakupa 600. Vipuri vizito, kama vile injini iliyofunguliwa, vinaweza kufanya kazi ya mchanga, ila vipuri huuzwa, na siku utakapoviuza meza itaanza kuruka tena. Mimi napendelea mchanga kwa sababu hakuna mteja atakayeuulizia bei.

Sasa kucheza mbele na nyuma. Pembe nne zilizounganishwa kwa misumari hazina msimamo. Ukizisukuma zinalala upande kama sanduku la karatasi lililotolewa kitako. Pembe tatu hukataa kulala, kwa sababu haiwezi kubadili umbo bila upande mmoja kurefuka au kufupika, na mbao hazirefuki. Hilo ulilijua, ndiyo maana ukaweka mishazari. Lakini uliiweka nyuma, na mshazari wa nyuma huzuia meza isiyumbe kulia na kushoto, ilhali wewe unavuta mbele na nyuma. Mishazari inayokuhusu ni ile ya ubavuni, kwenye ncha mbili za meza, kati ya mguu wa mbele na mguu wa nyuma. Katika video nyingi nyuma ya meza kuna ukuta, na meza imefungwa kwenye ukuta huo, ambao ndio unaofanya kazi ya mishazari ya ubavuni bila mtazamaji kujua. Ukiniuliza siri uliyoikosa, ni hiyo.

Badala ya mishazari unaweza kufunika kila ubavu kwa kipande cha plaiwudi ya milimita 12 kilichotiwa gundi na kufungwa kwa skrubu pande zote. Ubao mzima kama huo ni sawa na pembe tatu nyingi zilizokusanywa pamoja, na kwa maoni yangu unashinda mshazari wowote wa saipresi, tena unakuzuilia vumbi. Mishazari yako ya nyuma iache ilivyo, haina kosa.

Kuhusu misumari nina maneno makali kidogo. Msumari ni mzuri pale ambapo mzigo unakandamiza upande mmoja daima, kama kwenye paa. Meza ya mpini huvutwa na kuachiwa mara mia kwa siku, na kila mara msumari unasaga nyuzi za mbao zilizouzunguka mpaka tundu linakuwa pana. Pabaya zaidi ni msumari uliopigiliwa kwenye kichwa cha ubao, kwa kufuata nyuzi, kwa sababu hapo nyuzi hazina cha kuushikilia. Fungua viungo vyako kimoja kimoja, utoboe kwa kekee, utie bolti za milimita 10 zenye washa pana pande zote mbili, mbili kwa kila kiungo na zisilingane kwenye mstari mmoja wa nyuzi, maana zikilingana ubao hupasuka. Kisha ongeza kipande cha 3 kwa 2 ndani ya kila mguu, kwa gundi na skrubu, kikiishia chini kidogo ya ncha ya juu ya mguu ili kiwe bega ambalo ubao wa juu wa fremu unakalia. Mzigo ukikaa juu ya bega, bolti inabaki na kazi ya kushikilia tu, nayo haichoki upesi.

Skrubu za mashine zilikuwa zing'oke tu. Kitako cha mashine kikikaa kwenye ukingo, nawe ukikandamiza mpini ulio sentimita 50 mbele yake, ukingo wa mbele wa kitako unakuwa egemeo, na skrubu za nyuma zinavutwa juu. Kama skrubu hizo ziko sentimita 15 kutoka ukingo huo, zinavutwa kwa 20 mara 50 gawanya kwa 15, karibu kilo 67, na zimeuma plaiwudi ya milimita 18 pekee. Ukivuta kwa ghafla, kama tufanyavyo beringi ikigoma, idadi hiyo inapanda maradufu bila wewe kujua. Mashine ifungwe kwa bolti zinazopita hadi chini. Chini ya plaiwudi weka ubao wa 6 kwa 2 unaokwenda urefu wote wa meza ukikalia miguu yote miwili ya mbele, na chini ya ubao huo bamba la chuma ambalo nati zitakalia, ili zisijizamishe kwenye mbao. Mashine yenyewe isiwe katikati ya meza, ambapo uso hupinda zaidi, bali karibu kabisa na mguu mmoja wa mbele. Wengi huiweka katikati kwa kuwa inapendeza.

Kimo cha meza umekiacha bila kukitaja. Simama wima, kunja kiwiko, upime kutoka sakafuni hadi kiwikoni, kisha utoe sentimita 10 hivi. Kwa watu wengi inakuja kati ya sentimita 90 na 100. Meza fupi itakulazimu kuinama, na anayeinama huvuta kwa mgongo badala ya kuegemea kwa uzito wa mwili.

Turudi kwenye aina ya mbao, kwa sababu najua jirani yako bado hajaridhika. Saipresi inatosha. Mkaratusi ni mzito na mgumu zaidi, na uzito ndio tunaoutafuta, lakini hupasuka na kujipinda vibaya ukitumiwa mbichi. Tangu marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma iliyotolewa Februari 2018, ambayo Rais Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023 akiwa huko huko kwenu Molo, wengi wetu tulizoea kununua miti ya mashambani iliyopasuliwa wiki hiyo hiyo na kuuzwa ikiwa bado inatoa maji. Meza yangu ya kwanza ilikuwa ya mkaratusi wa namna hiyo, nilioununua wakati wa masika. Kufikia Januari kila bolti ilikuwa inazunguka kwa vidole, na ubao wa mbele ulikuwa na ufa unaopitisha sarafu.

Kilichotokea ni hiki. Ubao mbichi una maji ndani ya mashimo ya chembe zake na ndani ya kuta za chembe zenyewe. Yale ya mashimoni yakitoka, ubao unakuwa mwepesi tu. Lakini unyevu ukishashuka chini ya asilimia 30 hivi, maji ya kwenye kuta huanza kutoka, na hapo ndipo ubao unapoanza kusinyaa. Kwa urefu haupungui kiasi cha kukusumbua, ila kwa upana ubao wa sentimita 15 unaweza kupungua milimita 5 au zaidi, na sehemu zilizofuata mzingo wa pete za mti hupungua karibu maradufu ya zile zilizoelekea moyoni, ndiyo maana ubao unajikunja kama mfereji. Bolti uliyoikaza juu ya ubao mnene hubaki imelegea juu ya ubao mwembamba. Ili kujua kama mbao zako zimekauka, huhitaji kifaa: chagua kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya dukani kila Jumamosi, uandike. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu mfululizo, mbao zimezoea hewa ya kwako. Nasema ya kwako kwa makusudi, kwa kuwa mbao zilizokauka huku Kisumu, karibu na ziwa, zikipelekwa juu Nakuru zitahitaji muda wa kuizoea hewa mpya.

Uso wa meza usiutupe. Gundisha plaiwudi nyingine ya milimita 18 juu ya ile ya kwanza, uibane kwa mawe usiku kucha, upate milimita 36. Miguu, kama inakaa kwenye sakafu ya udongo, iwekee matofali au vipande vya zege chini, upake oili chafu sentimita 20 za mwisho kuzuia mchwa. Juu ya meza usipake, kwa sababu itachafua kila utakachoweka na itakataa gundi.

Kuhusu wale Wamarekani, wana jambo jingine ambalo wewe huna. Mashine yao hulirudisha kwenye kipimo chake ganda la risasi lililokwisha kutumika na kuketisha kichwa cha risasi ndani yake, na kando yake kuna mizani ya kupimia baruti kwa sehemu ya kumi ya greni, yaani kama miligramu sita na nusu. Mizani ya namna hiyo husumbuliwa na mtikisiko mdogo tu, hata na upepo wa dirishani, ndiyo maana wengine hujenga meza nzito kupita kiasi, au huiweka mizani kwenye rafu ya ukutani isiyoguswa na mpini. Beringi ya pikipiki haijali. Huna haja ya kufuata uzito wa meza zao wala rafu zao nyingi. Na kwa kuwa umeuliza habari za risasi, nikuambie wazi kwamba nimeishia kwenye mbao tu: kuunda au kujaza risasi nchini mwetu ni jambo la Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwenye swali juu yake humpelekea Bodi ya Leseni za Silaha, si seremala.

Kama banda lako lina ukuta wa mawe, kuifunga meza ukutani kwa vyuma viwili vya pembe kutamaliza maradhi mawili ya kwanza kwa mkupuo mmoja, na pengine hutahitaji mchanga. Tahadhari zangu ni mbili. Jiwe laini la machimbo hulegeza bolti ya kupanuka baada ya mivuto mingi, kwa hiyo tumia bolti ndefu iliyozamishwa kwa saruji, uiache siku kadhaa ikauke. Pia mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoboa. Ukuta wa mabati na fito usiutegemee hata kidogo, maana utatikisika pamoja na meza, na kelele itawafukuza majirani.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa barua, na ningependa uyaonyeshe kwa mtu ana kwa ana. Mashine yako ni kuukuu: isafishe kwa petroli na brashi, uitazame shingo yake kwenye mwanga mkali. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, usiitumie, na usiwape wachomeleaji wa kawaida waizibe. Nyingi ya mashine hizi ni za chuma cha kalibu, ambacho kikichomelewa bila kupashwa moto ipasavyo hupasuka kando ya mshono, na hupasuka ghafla. Mpelekee fundi mitambo mwenye uzoefu wa chuma hicho. Pia, kama umewahi kuchomeka bomba kwenye mpini ili urefuke, acha leo hii. Bomba la nusu mita linaongeza karibu maradufu hesabu za mpini uliolala nilizokupigia hapo juu, kwenye meza na kwenye bolti, na shingo ya mashine yenyewe nayo inakazwa zaidi. Beringi isiyotoka kwa mpini wa kawaida inataka kitovu kipashwe moto kidogo, au inataka mashine ya jeki ya mafuta yenye fremu ya chuma inayosimama sakafuni, ambayo mchomeleaji mzuri hapo Nakuru anaweza kukutengenezea. Hiyo haihitaji meza kabisa. Na kila unapokandamiza beringi vaa miwani, kwa kuwa pete ya beringi ikivunjika hurusha vipande.

Ukishamaliza, kaza nati zote baada ya wiki mbili, kisha tena Januari au Februari, mbao zikiwa zimekauka kuliko wakati wowote wa mwaka. Chora alama ya rangi kwenye kila nati na kwenye mbao iliyo kando yake. Alama zikiachana utajua ni ipi iliyolegea bila kushika spana.